Daftari za serikali zikipigana, nyasi ni sisi

Wiki hii nataka kuzungumzia jambo ambalo wengi hudhani ni la vijana wa kompyuta peke yao. Ni lile neno tunaloambiwa tukifika dirishani baada ya kupanga foleni tangu asubuhi: "Mashine inasema wewe haumo." Au baya zaidi: "Mashine inasema wewe ni mtu mwingine."

Nitaanza na kisa nilichokishuhudia mwenyewe. Nina stashahada ya kompyuta, na kwa miaka kadhaa nilikuwa natunza mashine za duka moja la vifaa vya ujenzi lenye matawi mawili, moja Garsen na jingine Malindi. Kila tawi lilikuwa na hifadhidata yake ya wateja, na hizo mbili zilikuwa nakala pacha. Kinachoandikwa Garsen hupelekwa Malindi kwa mtandao, na cha Malindi huja Garsen, ili mteja akiingia popote akute hesabu moja.

Mwishoni mwa mwaka 2023 mvua za El Nino zikashuka. Mto Tana ukavunja kingo zake, na vijiji vya karibu na Garsen, Idsowe kikiwemo, vikaingia maji. Watu walihamia sehemu za juu na vitanda na kuku wao. Umeme na mtandao vikawa vya kubahatisha.

Maji yalipopungua, alikuja dukani mama mmoja wa makamo ya bibi yangu, kutoka Idsowe. Alikuwa akilipia mabati 20 kidogo kidogo, bei ya jumla shilingi 18,000. Alikuwa ameshaweka mara tatu: 6,000, kisha 5,000, kisha 3,500. Kwa hesabu yake alibakisha 3,500. Mhudumu akafungua mashine, akamwambia, "Mama, umelipa 6,000 tu. Bado 12,000." Akapiga simu Malindi kuhakikisha. Malindi nako wakasoma vilevile: 6,000.

Mama hakupiga kelele. Alifungua mfuko wa plastiki aliokuwa ameufunga kiunoni wakati wa mafuriko, akatoa risiti tatu zilizolowa na kukauka. "Mwanangu," akaniambia, "nyumba nimeiacha kwa maji, lakini karatasi zako sikuziacha."

Tazama ajabu ya kisa hiki. Nakala zetu mbili zilikuwa zinakubaliana. Ungezipanga sambamba usingeona kasoro yoyote. Zilikubaliana juu ya uongo. Aliyekuwa na ukweli ni mama mwenye karatasi tatu.

Nilichofanya kwanza ni kusimamisha uandishi. Hifadhidata mbili zinapotiliwa shaka, kila muamala mpya unaoongezwa unafunika alama za kosa, kama ng'ombe wanaopita juu ya nyayo za mwizi. Pili, nilitoa nakala ya kila upande kama ulivyo, ili nikikosea katika kurekebisha niweze kurudi nyuma. Tatu, nikahesabu wateja. Idadi ililingana, na hapo ndipo wengi huridhika na kufunga kazi. Idadi kulingana si dalili kwamba yaliyomo yanalingana. Gunia mbili zinaweza kuwa na embe mia mia, moja nzima na nyingine mbovu.

Ikabidi nigawanye orodha vipande vipande. Kila kipande mashine inakitolea namba moja inayotokana na yaliyomo. Herufi moja ikibadilika, namba nayo hubadilika. Kipande ambacho namba zake hazifanani pande mbili unakigawa tena, na tena, mpaka unafika kwa mteja mmoja. Njia hii ilinionyesha rekodi kadhaa zinazotofautiana, na baadhi hazikuwa kosa hata kidogo. Zilikuwa zimechelewa tu, zinasubiri mtandao. Ukizirekebisha kwa mkono wakati huo, zikifika zenyewe baadaye unapata malipo mara mbili. Hivyo swali la kwanza ni hili: nakala hii imekosea, au imechelewa?

Lakini rekodi ya mama wa Idsowe haikuwa miongoni mwa hizo, kwani pande zote zilisoma 6,000. Nikaenda kwenye kumbukumbu ya mabadiliko, lile faili ambalo mashine huandika kila kilichotendwa na saa yake. Humo nikakuta malipo yote matatu, yameingia Garsen sawasawa. Kisha nikakuta kwamba mtandao uliporudi, rekodi ya Malindi ilikuja ikaifuta ya Garsen. Kwa nini? Kwa sababu programu ilipangwa hivi: rekodi mbili zikigongana, yenye tarehe ya karibuni zaidi ndiyo ishinde. Huko Malindi, betri ndogo ya saa ya kompyuta ilikuwa imekufa, na kila umeme ukikatika mhudumu aliandika tarehe kwa mkono. Siku moja aliandika mwezi ujao. Siku hiyohiyo alirekebisha herufi moja tu katika jina la mama, na rekodi nzima, pamoja na salio la zamani, ikaonekana ni mpya kuliko zote.

Basi nikatafuta kila rekodi yenye tarehe ambayo bado haijafika. Nikapata wateja wengine 11 waliopatwa na jambo hilohilo. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameshalalamika. Tuliwarekebishia wote kwa kulinganisha na vitabu vya risiti, tukaandika nani amebadilisha nini na kwa ushahidi gani, kisha ndipo tukafungua uandishi upya.

Mama alimalizia 3,500 zake akachukua mabati. Lakini nilibaki na swali ambalo halijanitoka mpaka leo. Lile lilikuwa duka, lenye wateja wanaojulikana kwa sura. Je, daftari za nchi nzima zikikosana, nani atafungua mfuko wa plastiki?

Nasema daftari kwa wingi, maana serikali haina moja. Kuna daftari la vitambulisho, la vizazi na vifo, la wapiga kura, la wakimbizi, la afya, la misaada. Tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF, na hapo tena rekodi za watu zikahitaji kusajiliwa na kuoanishwa upya. Kila oanisho ni kivuko, na kwenye kivuko ndipo mizigo huanguka majini.

Chukua daftari la wapiga kura. Kabla ya uchaguzi wa 2022, kampuni ya KPMG ililikagua kwa niaba ya IEBC. Ikakuta rekodi 481,711 zilizojirudia, watu 246,465 waliokwisha fariki lakini bado wamo, na wengine 226,143 ambao vitambulisho vyao havikuoana na daftari la vitambulisho. Wanasiasa walizisoma namba hizi kama ushahidi wa wizi uliopangwa. Mimi nilizisoma kwa jicho la yule mtunza mashine. Mafungu haya matatu ni maradhi matatu tofauti, na kila moja lina dawa yake.

Wafu kubaki kwenye daftari, kwa sehemu kubwa, ni ugonjwa wa kuchelewa. Tuseme ukweli, huku kwetu tunachangia. Sisi Waislamu tunamsitiri maiti siku hiyohiyo ikiwezekana, na ndivyo dini inavyotaka. Lakini cheti cha kifo hatukitafuti mpaka pawe na mirathi ya kugawanya au pesa benki za kutoa. Mzee asiyeacha shamba lenye hati anazikwa, anasomewa hitima, na kwenye mashine anaendelea kuishi miaka 20.

Rekodi zilizojirudia zinataka uchunguzi wa alama za vidole, kwani jina peke yake halitoshi. Pwani hii tuna Fatuma na Fatma, Athman na Othman, Mohamed na Mohammed. Karani mmoja anaandika Mwanaisha, mwingine anaandika Mwana Aisha, na kompyuta inaona wanawake wawili. Kinyume chake, kijijini mnaweza kuwa na akina Abdalla Omar watano, na mashine ikadhani ni mmoja. Ongeza wazee wetu wasiojua siku waliyozaliwa, wakapewa mwaka wa kukadiria katika ofisi moja na mwaka mwingine katika ofisi nyingine.

Fungu la tatu, la vitambulisho visivyooana, ndilo la hatari. Ndani yake anaweza kuwemo mdanganyifu, na anaweza kuwemo mkulima ambaye karani alimkosea tarakimu moja. Kwenye orodha wanafanana. Ukifuta fungu zima kwa kubonyeza mara moja, umemkamata mwizi na umemnyang'anya haki mtu mwema kwa pigo hilohilo, naye atajua asubuhi ya kura, akiwa mbele ya mashine ya KIEMS, na wakati wa kusahihisha umekwisha.

Tatizo hili si geni. Uchaguzi wa Machi 2013 uliendeshwa na zaidi ya daftari moja. Lilikuwepo la kibiometriki, likawepo daftari maalumu la watu 36,236 ambao alama zao za vidole hazikupatikana, na kikawepo kile kitabu cha kijani kilichoandikwa kwa mkono. Mahakama ya Juu ilikubali kwamba daftari la wapiga kura si waraka mmoja bali ni mkusanyiko wa sehemu mbalimbali. Kisheria lilikwisha. Lakini kwa mtu wa kawaida swali lilibaki: zikitofautiana, ipi ndiyo mama?

Swali hilo la "ipi ndiyo mama" likajibiwa mwaka 2017, angalau kwa upande wa matokeo. Mwezi Juni, katika kesi ya Maina Kiai, Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba matokeo ya urais yaliyotangazwa katika eneobunge ni ya mwisho, na makao makuu Nairobi hayana ruhusa ya kuyabadilisha. Kilichobaki kwa Nairobi ni kujumlisha. Kisha tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa urais, na sehemu kubwa ya hoja ilikuwa hii hii: yaliyopeperushwa kwa mtandao na yaliyokuwa kwenye fomu hayakuthibitishwa ipasavyo, na tume haikufungua seva zake kama mahakama ilivyoagiza. Yaani walikataa kuonyesha kumbukumbu ya mabadiliko. Fundi akikataa kukuonyesha faili hilo, hata kama hakuiba, hawezi kukuridhisha kwamba hakuiba.

Mwaka 2022 tume ilijifunza. Picha za fomu 34A kutoka vituo 46,229 ziliwekwa wazi kwenye tovuti, na yeyote mwenye simu na subira angeweza kujumlisha mwenyewe. Kelele hazikukosekana, na kesi ilikwenda mahakamani. Lakini mtu wa Garsen aliweza kuitazama fomu ya kituo chake na kusema: ndiyo, hii ndiyo tuliyoiona ikibandikwa mlangoni.

Sasa tuje kwa jirani zetu, mahali ambapo jambo hili limewaumiza watu kwa muda mrefu zaidi. Garissa na kaunti za kaskazini mashariki, wako Wakenya ambao miaka ya ukame waliingia kambi za Dadaab kutafuta chakula na matibabu. Wengine walikuwa watoto, wamebebwa mgongoni. Alama zao za vidole ziliingia kwenye daftari la wakimbizi. Walipofika miaka 18 wakaenda kuomba kitambulisho, mashine ikalinganisha daftari mbili ikasema: wewe ni mkimbizi. Babu anajulikana, kaburi lake linajulikana, chifu anamjua mama yake, na bado mashine imeshinda. Idadi yao inatajwa kwa makumi ya maelfu. Shirika la Haki na Sheria la Garissa limewapigania kwa miaka mingi, hadi mahakamani.

Kisa chao na cha mama wa Idsowe ni kimoja. Daftari mbili zimegongana, na mtu fulani ofisini, pengine bila kufikiri sana, aliweka kanuni ya nani ashinde. Kule Malindi kanuni ilisema ya karibuni ishinde. Kwa hawa ndugu zetu, kanuni ilikuwa kwamba la wakimbizi lishinde. Kanuni ya namna hiyo ni hukumu, na hukumu kwa desturi hutolewa baada ya kumsikiliza mshtakiwa.

Kuna watakaosema dawa ni daftari moja kubwa la taifa. Tuliahidiwa hilo mwaka 2019 na Huduma Namba, na Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikasema kadi zake zilitolewa kinyume cha sheria kwa kuwa athari kwa data za watu hazikutathminiwa kwanza. Baadaye ikaja Maisha Namba. Mimi sipingi namba moja. Ninachosema ni kwamba daftari moja lililojengwa kwa kumwaga daftari tano zenye makosa halisafishi makosa. Linayakusanya, na linamwondolea mwananchi hata ile nafasi ya kusema "nendeni mkatazame ofisi ile nyingine."

Katika historia yetu ya Kiislamu tuna mfano wa utaratibu. Sifananishi Kitabu cha Mwenyezi Mungu na orodha za wanadamu, nazungumzia namna ya kufanya kazi. Watu wa Sham na wa Iraq walipoanza kukhitilafiana katika kisomo, Hudhayfa bin al-Yaman alimwendea Sayyidna Uthman (r.a.) kwa hofu. Uthman hakuchukua nakala ya aliye karibu naye wala ya aliye na sauti kubwa. Aliazima sahifa zilizokuwa zimehifadhiwa kwa Bi Hafsa, zikijulikana zilikotoka. Akawateua watu kwa majina, akiwemo Zayd bin Thabit, wakanakili. Nakala zikapelekwa mijini, na sahifa za Bi Hafsa akarudishiwa mwenyewe. Asili iliyojulikana, waandishi waliojulikana, na kila mji ukapata ile ile. Na katika aya ndefu kuliko zote, ya 282 ya Suratul Baqara, tumeamrishwa deni liandikwe, na pamoja na maandishi wawepo mashahidi. Maandishi peke yake hayakutosha.

Kwa hiyo, tukielekea uchaguzi wa Agosti 2027, na misimu mingine ya mafuriko ambayo bila shaka itakuja, nayataka mambo manne kutoka kwa serikali kuu na ya kaunti.

Kwanza, kila jambo liwe na daftari mama lililotajwa wazi. Uhai na kifo vina daftari lao, uraia una lake, makao ya mtu yana lake. Mengine yanakili kutoka hapo, na yakitofautiana yanajulikana yanayopaswa kusahihishwa.

Pili, mtu asifutwe wala kusimamishwa kabla ya kuambiwa. Majina yanayotiliwa shaka yasomwe kwenye baraza la chifu, yabandikwe msikitini na kanisani, na muda utolewe. Idsowe si Nairobi. Barabara ikikatika, siku 14 zilizoandikwa kwenye gazeti ni sawa na siku sifuri.

Tatu, ofisi iliyomkataa mtu impe karatasi yenye sababu. Hili si ombi la hisani. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa haki ya sababu kwa maandishi, na kifungu cha 35 kinampa haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari za uongo zinazomdhuru. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema hivyohivyo. Neno "mashine imekataa" halimo katika sheria hizo.

Nne, kumbukumbu ya mabadiliko itunzwe na ikaguliwe na watu wa nje ya ofisi inayoandika. Aliyebadilisha rekodi ajulikane, na siku aliyobadilisha.

Nasi tuna letu la kufanya. Tuandikishe vifo hata pasipo mirathi. Tukipewa kitambulisho, kadi ya kliniki au cheti cha mtoto, tusome kila herufi kabla ya kuondoka dirishani, na herufi ikikosewa turudishe siku hiyohiyo, kwa sababu kosa la herufi likishanakiliwa ofisi tano linakuwa ukoo. Tukague majina yetu kwenye daftari la kura sasa, tusingoje asubuhi ya kura. Na tuweke karatasi.

Nilikutana tena na yule mama mwaka uliofuata, baada ya maji ya Aprili na Mei 2024. Mabati yake yalikuwa bado juu ya nyumba. Lakini alikuwa akitoka kwenye orodha moja ya msaada, na safari hii jina lake lilikuwemo kwenye karatasi ya kijiji na halikuwemo kwenye simu ya aliyekuwa akigawa. Alikuwa na ule mfuko wa plastiki. Aliyekuwa akigawa hakuomba kuona kilichomo.

Wallahu aalam.